Deni la Mgodi kwa Majirani Zake: Mafunzo Kutoka Mchanga wa Kwale

Tangu mwezi wa Desemba 2024 watu wengi wa Kwale wamekuwa wakiuliza swali moja, nalo ni hili: Mchanga umekwisha kuchimbwa na mitambo imenyamaza, je, wale waliokaa jirani na mgodi wamebakiwa na nini? Swali hili ni la haki, wala si la watu wa Kwale peke yao. Mahali popote panapoonekana madini katika nchi ya Kenya, mwenyeji huanza kwa kufikiri juu ya utajiri, na mara nyingi humaliza kwa kufikiri juu ya shamba lililopotea. Kwa hiyo yafaa kueleza kwa taratibu namna kampuni ya madini inavyopaswa kuwatendea majirani zake, ni kipi kilicho deni na kipi kilicho hisani, na ni kazi gani iliyo juu ya wenyeji wenyewe.

MCHANGA WENYEWE

Karibu kilomita 50 kusini ya Mombasa, ndani kidogo kutoka pwani, kuna vilima vya mchanga mwekundu katika sehemu za Maumba na Nguluku. Kwa miaka mingi wenyeji walilima huko minazi, mikorosho, michungwa na mihogo, wala hawakuona ajabu yoyote katika udongo ule. Lakini ndani ya mchanga huo mlichanganyika chembe nzito za madini ya namna tatu: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Mbili za kwanza zina titaniamu. Kutokana nazo hutengenezwa unga mweupe utiao weupe katika rangi za nyumba, karatasi na plastiki, na tena hutumika katika vijiti vya kuchomelea vyuma. Zirkoni hutumika zaidi katika vigae vya sakafu na vyombo vya kauri.

Kazi ya kuyatoa ilikuwa hivi. Mchanga ulichotwa kwa matingatinga, na baadaye kwa maji yenye nguvu, ukasukumwa kwa mabomba mpaka kwenye mitambo. Hapo maji yalizungushwa pamoja na mchanga katika mifereji iliyojipinda kama konokono. Chembe nzito zilibaki upande mmoja na mchanga mwepesi ukaenda upande mwingine. Kisha zile chembe nzito zilikaushwa na kutenganishwa kwa nguvu za sumaku na umeme. Mwisho malori yaliyachukua madini hayo mpaka Likoni, ambako kampuni ilijenga ghala na gati yake, yakapakiwa melini kwenda ng'ambo. Meli ya kwanza iliondoka mwezi wa Februari 2014.

Kazi ya namna hii haiwezi kufanywa bila maji mengi. Kwa sababu hiyo bwawa kubwa lilijengwa katika mto wa Mukurumudzi, na visima virefu vikachimbwa. Msomaji ataona mara moja kwamba mgodi wa Kwale uligusa vitu vitatu ambavyo mkulima hawezi kuishi bila hivyo: ardhi, maji na njia.

HISTORIA KWA UFUPI

Kampuni ya kwanza kuuchunguza mchanga huo ilikuwa Tiomin ya Kanada, iliyoanza shughuli zake huko katika miaka ya 1990. Mambo hayakwenda upesi. Wakulima wengine hawakuridhika na malipo waliyoahidiwa, na wengine walikuwa na hofu juu ya maji na mazingira. Shauri likafika mahakamani, na katika mwaka wa 2001 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitoa amri ya kuisimamisha kazi kwa muda. Serikali ilitoa hati maalumu ya uchimbaji katika mwaka wa 2004, lakini miaka ikapita tena bila ya mgodi kufunguliwa.

Katika mwaka wa 2010 hati hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Base Resources ya Australia, ambayo tawi lake la Kenya liliitwa Base Titanium. Ujenzi ulianza mwaka uliofuata, na madini ya kwanza yakatoka mwishoni mwa mwaka wa 2013. Kwa muda wa miaka kumi na moja mgodi huo ulikuwa mkubwa kupita yote katika Kenya kwa thamani ya madini yaliyouzwa. Mwezi wa Oktoba 2024 kampuni ya Energy Fuels ya Marekani iliinunua Base Resources, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo uchimbaji wa Kwale ukakoma, kwa kuwa madini yaliyofaa kuchimbwa yalikuwa yamekwisha.

Historia hii ina funzo lake. Tangu siku ya kwanza ya uchunguzi mpaka meli ya kwanza, ilipita karibu miaka ishirini. Na wakati huo wote mwenyeji hakujua kama apande mnazi au asipande. Hasara ya kungoja haiandikwi katika hesabu za kampuni, lakini ni hasara kweli.

KWA NINI KAMPUNI IWAJALI MAJIRANI?

Wako watu wanaodhani kwamba kampuni hujenga shule au zahanati kwa sababu ya huruma tu. Wengine hudhani kwamba ni rushwa ya kuwafumba watu macho. Mawazo yote mawili hayatoshi. Ziko sababu tatu zilizo wazi.

Ya kwanza ni kwamba mgodi hauhami. Mwenye kiwanda cha sabuni akigombana na majirani anaweza kuhamisha mashine zake mpaka mji mwingine. Mwenye mgodi hawezi kuhamisha kilima. Malori yake lazima yapite njia ile ile kila siku, mbele ya milango ile ile. Majirani wakikasirika na kuifunga njia kwa siku chache tu, meli hungoja bandarini na hasara huwa kubwa.

Ya pili ni kwamba mabenki yanayokopesha fedha nyingi za kujengea mgodi hutaka kuona kwanza namna kampuni itakavyowatendea wenyeji. Benki haipendi kukopesha mahali penye ugomvi.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 yasema kwamba madini yote ni mali ya umma, na Serikali ya taifa huyashika kwa amana kwa ajili ya wananchi. Tena yasema kwamba faida inayotokana na maliasili igawanywe kwa haki. Kwa hiyo kampuni haichimbi mali yake; inachimba mali ya watu wote kwa ruhusa na kwa masharti.

DENI SI ZAWADI

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo, na yafaa kuyatenga vizuri. Malipo yatokayo kwa kampuni ya madini ni ya namna nne, na kila moja ina njia yake.

Namna ya kwanza ni fidia. Mtu aliyeondolewa katika shamba lake hulipwa kwa ardhi, nyumba, miti na mazao aliyoyaacha. Jamaa waliohamishwa Maumba na Nguluku walikwenda sehemu mbalimbali, na baadhi yao walipewa makao mapya huko Bwiti. Fidia si maendeleo. Ni badala ya kitu kilichochukuliwa, na kama hailingani na kitu kile, basi mtu amerudi nyuma hata kama jirani yake amejengewa shule. Mnazi uzaao ni mali ya miaka mingi. Makaburi ya wazee hayana bei kabisa. Ndiyo sababu manung'uniko juu ya fidia ya Kwale yalidumu hata baada ya mgodi kuanza kazi, na ndiyo sababu mahali pengine popote jambo hili lapasa kumalizwa kabla ya tingatinga la kwanza kuingia.

Namna ya pili ni mshahara na biashara. Mgodi wa Kwale uliwaajiri watu zaidi ya elfu moja, na walio wengi sana walikuwa Wakenya. Katika kutoa kazi, kampuni ilifuata utaratibu wa kuanza na vijiji vilivyo karibu zaidi, kisha kwenda mbali hatua kwa hatua. Vijana wengi walifundishwa ufundi wa mitambo na umeme. Huu ni msaada mkubwa, lakini ni malipo ya kazi, na kazi ikikoma nao hukoma.

Namna ya tatu ni kodi na mrabaha. Mrabaha ni fungu la thamani ya madini ambalo mchimbaji humlipa mwenye mali, yaani umma, kupitia Serikali.

Namna ya nne ndiyo ile iitwayo miradi ya maendeleo ya jamii: shule, zahanati, maji, kilimo, na ada za wanafunzi. Zamani miradi hii ilitegemea hiari ya kampuni. Siku hizi sehemu yake imewekwa na sheria.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 iliugawanya mrabaha katika mafungu matatu. Katika kila shilingi 100 za mrabaha, shilingi 70 ni za Serikali ya taifa, shilingi 20 ni za serikali ya kaunti, na shilingi 10 ni za jamii ya mahali madini yanapochimbwa.

Kanuni zilizotolewa katika mwaka wa 2017 ziliongeza jambo la pili. Kampuni yenye mgodi mkubwa yapasa kufanya mapatano ya maendeleo na jamii, na kutoa kwa kazi hiyo fungu lisilopungua 1 kwa mia ya mapato yake yote ya mauzo kila mwaka. Fungu hili ni mbali na mrabaha.

Chukua mfano ili jambo lieleweke. Kampuni fulani imeuza madini ya shilingi milioni 100, na mrabaha wake umewekwa kuwa 5 kwa mia. Mrabaha utakuwa shilingi milioni 5. Katika hizo, shilingi milioni 3 na nusu zitakwenda kwa Serikali ya taifa, shilingi milioni 1 kwa kaunti, na shilingi 500,000 kwa jamii. Tena, kwa ajili ya mapatano ya maendeleo, kampuni itatoa shilingi nyingine zisizopungua milioni 1. Mtu akiyajua haya hawezi kudanganywa na yeyote, wala na kampuni, wala na mwanasiasa anayedai kwamba darasa lililojengwa kwa fungu la jamii ni zawadi itokayo mfukoni mwake.

Lakini sheria kuandikwa ni jambo moja, na fedha kufika ni jambo jingine. Miaka kadhaa baada ya sheria hiyo kupita, lile fungu la 10 kwa mia lilikuwa bado halijawafikia watu wa Kwale. Shida haikuwa kampuni kukataa kulipa mrabaha. Shida ilikuwa kwamba sheria ilisema "jamii" bila ya kueleza kwa wazi jamii ni nani, fedha ziwekwe katika hesabu gani ya benki, na nani atie sahihi. Je, jamii ni wale waliohamishwa tu? Au ni kijiji kinachopakana na mgodi? Na wale wanaokaa kando ya njia ya malori? Na watu wa Likoni, walio katika kaunti nyingine ya Mombasa, ambao vumbi na kelele za gati ziliwafikia? Swali linaloonekana dogo katika karatasi laweza kuzuia mamilioni ya fedha kwa miaka mingi.

KAZI ZILIZOFANYWA

Katika upande wa miradi, yako mambo mengi yanayoweza kuonekana kwa macho. Kampuni ilijenga madarasa na maabara katika shule za jirani, ikatengeneza zahanati, ikachimba visima vya maji ya kunywa, na kuwalipia ada wanafunzi wengi wa shule za sekondari na vyuo. Katika hospitali ya Msambweni ilijenga kituo cha kuhifadhia damu. Kabla ya hapo mgonjwa aliyehitaji damu, hasa mama aliyetokwa na damu katika kuzaa, alitegemea damu iletwe kutoka Mombasa, na njia ya kwenda huko ilipita kivukoni Likoni. Kila mtu aliyepata kungoja kivuko usiku ajua maana ya saa moja iliyookolewa.

Mradi uliostahili kuangaliwa zaidi ni ule wa kilimo. Kampuni ilishirikiana na shirika la Business for Development la Australia, na pia na watu wa Cotton On, wauzaji wa nguo wa nchi hiyo hiyo, ili kuwasaidia wakulima wadogo wa Kwale kulima pamba pamoja na mazao ya chakula kama choroko. Wakulima waliunda chama chao cha ushirika kiitwacho PAVI. Chama kiliwapatia wanachama mbegu na mafunzo, kikakusanya mazao yao mahali pamoja, na kikatafuta mnunuzi.

Tofauti ya mradi huu na mingine ni hii. Darasa hujengwa mara moja. Ushirika hujengwa kila msimu. Darasa ni mali iliyotolewa na mwingine. Ushirika ni kazi ya wenyewe. Mkulima aliyejifunza kupima mbegu, kunyunyiza dawa kwa wakati na kusoma bei ya soko hatanyang'anywa elimu hiyo siku mgodi utakapofungwa. Lakini ushirika nao una hatari zake. Bei ya pamba hupanda na kushuka, mvua za Kwale hazina ahadi, na chama kilichozoea gari na bwana shamba wa kulipwa na kampuni lazima siku moja kijifunze kuwalipa chenyewe.

HALMASHAURI NA KAZI YAKE

Kwa mujibu wa kanuni za mwaka wa 2017, mapatano ya maendeleo husimamiwa na halmashauri yenye wajumbe wa jamii, wakiwemo wanawake na vijana, pamoja na wajumbe wa serikali na wa kampuni. Halmashauri hiyo ndiyo huchagua miradi. Kazi hii ni nzito kuliko inavyodhaniwa.

Fikiri juu ya kijiji kinachoomba zahanati. Fedha za fungu la jamii zatosha kujenga nyumba nzuri yenye bati na vigae. Siku ya kufunguliwa ngoma zinapigwa na picha zinachukuliwa. Lakini nani atamlipa mwuguzi? Dawa zitatoka wapi? Hayo ni kazi ya kaunti, na kama kaunti haikuyaandika katika makadirio yake ya mwaka, zahanati ile itakuwa ghala la popo. Ndivyo ilivyo na pampu ya maji isiyokuwa na fundi wala kipuri, na maktaba isiyokuwa na mtunzaji. Kwa hiyo swali la kwanza la halmashauri lisiwe "Tujenge nini?" bali liwe "Nani atakitunza miaka kumi baadaye?"

Swali la pili ni la hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Halmashauri njema hubandika hesabu zake ukutani, penye baraza la chifu, penye soko na penye msikiti, ili kila mtu asome fedha zilizoingia, zilizotumika, na jina la fundi aliyepewa kazi. Mjumbe mwaminifu hana sababu ya kuogopa karatasi hiyo. Humkinga yeye mwenyewe na masengenyo.

Swali la tatu ni la haki kati ya jirani na jirani. Mara nyingi wanaosema kwa sauti kubwa ni wale wakaao karibu na barabara, nao hupata kisima cha kwanza. Mjane aliyehamishwa mpaka mbali huwa hana wa kumsemea. Halmashauri yapasa kumtafuta mtu wa namna hiyo, wala isingoje aje kupiga hodi.

MFANO WA MAGADI

Mambo haya si mapya katika Kenya. Kule Magadi, katika kaunti ya Kajiado, magadi yamechimbwa kutoka ziwani na kampuni iliyoanzishwa katika mwaka wa 1911, na siku hizi kampuni hiyo ni mali ya Tata Chemicals ya Uhindi. Mahali pale ni penye joto kali na ukame, na hapo mwanzo hapakuwa na mji. Kampuni ilileta reli, maji ya mabomba, hospitali, shule na nyumba, na Wamaasai wa sehemu zile wamezoea kunywa maji yake na kutibiwa katika hospitali yake.

Faida yake ni dhahiri, lakini funzo lake lina pande mbili. Pale ambapo kampuni ndiyo iletayo maji, dawa na masomo, watu huizoea kama kwamba ndiyo serikali. Kampuni inapopata hasara sokoni, ugonjwa wa soko hufika mpaka kwenye bomba la kijiji. Kampuni husaidia vyema zaidi inapokaa kando ya serikali, si inapokaa mahali pake. Magadi bado yako ziwani, kwa kuwa maji ya chumvi huyajenga tena. Mchanga wa Kwale haukuwa hivyo. Ulikuwa na mwisho uliojulikana.

BAADA YA MGODI

Kufungwa kwa mgodi ni sehemu ya mgodi, kama mavuno yalivyo sehemu ya kilimo. Sheria yataka mchimbaji airudishe ardhi katika hali ya kufaa. Huko Kwale, mchanga uliokwisha kutolewa madini ulirudishwa katika mashimo na kusawazishwa, udongo wa juu ukatandazwa tena, na nyasi na miti ikapandwa. Kampuni ilikuwa na kitalu kikubwa cha miti ya asili kwa kazi hiyo. Hata hivyo mkulima ajua kwamba ardhi iliyopata kupinduliwa si kama ile isiyoguswa. Huhitaji mbolea, mimea ya jamii ya kunde, na subira ya miaka.

Yako maswali mawili makubwa ambayo hayamalizwi na miti. La kwanza ni ardhi ile ni ya nani na itumiwe kwa kazi gani: je, ni mashamba ya wenyeji, ni malisho, ni msitu, au ni viwanda? La pili ni bwawa la Mukurumudzi. Kwa mgodi lilikuwa chombo cha kazi. Kwa vijiji na mashamba laweza kuwa hazina kubwa kuliko zote zilizoachwa, ikiwa litapata mwenye kulitunza na njia ya haki ya kugawa maji yake. Bwawa lisilotunzwa si hazina, ni hatari kwa walio chini yake.

Wafanyakazi waliokoma kazi nao wana hesabu yao. Fundi aliyefunzwa kuendesha mtambo hupata kazi mahali pengine, lakini mara nyingi mbali na nyumbani. Mama aliyekuwa akiuza chakula kwa wafanyakazi hana mgodi mwingine wa kumfuata. Huyu ndiye mtu ambaye miradi ya maendeleo ilikusudiwa hasa, na kipimo cha kweli cha miradi hiyo ni hali yake baada ya malori kuondoka, wala si idadi ya mawe ya ufunguzi yenye majina ya wakubwa.

YAPASAYO KUULIZWA MAPEMA

Kenya ina sehemu nyingine zenye madini. Katika Kwale yenyewe kuna kilima cha Mrima, chenye niobiamu na madini mengine adimu yanayotafutwa sana duniani. Huko Kitui kuna makaa ya mawe. Watu wa sehemu hizo, na nyinginezo, wana bahati ya kuweza kutazama yaliyotukia kwa wenzao. Iwapo kampuni itakuja kwao, yafaa waulize maswali matano kabla ya kutia dole gumba katika karatasi yoyote.

Kwanza: ni nani atakayehamishwa, atalipwa nini, lini, na nani amekadiria thamani ya miti yake? Pili: maji yatatoka wapi, na kisima cha kijiji kikikauka nani atajibu? Tatu: katika mapatano ya maendeleo, jamii ni nani kwa majina ya vijiji, na hesabu ya benki itasimamiwa na nani? Nne: miradi itatunzwa na nani kampuni ikiondoka? Tano: mgodi utafungwa mwaka gani, na fedha za kuirudisha ardhi zimewekwa wapi tangu sasa?

Maswali haya si ya uadui. Kampuni njema hupenda kuulizwa mapema, kwa maana jibu la mapema ni la bei nafuu kuliko kesi ya miaka kumi. Serikali nayo hufanya kazi vizuri zaidi pale ambapo mwananchi ajua haki yake na kuidai kwa adabu na kwa maandishi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo wasemavyo wazee wa Pwani. Lakini mwenyeji haponi kwa kuja kwa mgeni tu. Hupona akiwa amekaa naye chini siku ya kwanza, wakahesabiana mbele ya mashahidi, na kila mmoja akaondoka na karatasi yake mkononi. Huko Kwale madini yamekwenda ng'ambo na hayatarudi. Yaliyobaki ni bwawa, mashamba yanayooteshwa upya, madarasa, kituo cha damu, chama cha ushirika, na watoto waliosomeshwa. Kama vitu hivyo vitakuwa urithi au magofu ni jambo ambalo kampuni haiwezi tena kuliamua. Liko mikononi mwa kaunti, Serikali, na watu wa Kwale wenyewe.